Kuvimba Ghafla kwa Kifuko cha Nyongo: Njia za Kuondoa Usaha na Nafasi ya Kila Moja

Maumivu makali ya tumbo upande wa kulia, chini kidogo ya mbavu, ni miongoni mwa matatizo ambayo wananchi wengi huyavumilia nyumbani kwa siku kadhaa kabla ya kufika katika kituo cha kutolea huduma za afya. Wapo wanaoyahesabu kuwa vidonda vya tumbo na kununua dawa dukani. Wapo pia wanaoamini kuwa ni gesi, au chakula kilichowadhuru. Hata hivyo, maumivu hayo yanapodumu kwa saa nyingi bila kutulia, yakaambatana na homa na kutapika, chanzo chake chaweza kuwa kuvimba ghafla kwa kifuko cha nyongo.

Ugonjwa huu hutibika. Lakini mgonjwa anapochelewa, au anapokuwa mzee mwenye maradhi mengine, madaktari hulazimika kuchagua kati ya kukiondoa kifuko hicho mara moja na kuondoa kwanza nyongo na usaha vilivyomo ndani yake. Uamuzi huo mara nyingi hufanyika usiku, ndugu wakiwa wodini wameshika fomu ya ridhaa ambayo hawaielewi vizuri. Makala hii inaeleza njia zinazotumika kuondoa usaha huo, faida na hasara za kila moja, na mambo ambayo familia inapaswa kuyafahamu kabla na baada ya huduma.

KIFUKO CHA NYONGO NA SABABU ZA KUVIMBA

Kifuko cha nyongo ni kiungo kidogo kilicho chini ya ini. Ini hutengeneza nyongo kila siku, na sehemu ya nyongo hiyo huhifadhiwa katika kifuko hicho ambacho kwa kawaida huchukua mililita 30 hadi 50. Mtu anapokula, hasa chakula chenye mafuta, kifuko hujikamua na kumwaga nyongo katika sehemu ya mwanzo ya utumbo mdogo ili kusaidia kumeng'enya mafuta hayo.

Kwa wagonjwa walio wengi, takribani 9 kati ya 10, kuvimba husababishwa na mawe yanayojitengeneza ndani ya kifuko. Jiwe moja likikwama katika mrija mwembamba wa kutokea, nyongo hukosa njia. Kifuko hujaa, kuta zake huvimba, damu haipiti vizuri, na bakteria hupata nafasi ya kuzaliana. Hali ikiachwa, kifuko hujaa usaha, huoza, na huweza kutoboka. Hapo maambukizi husambaa tumboni na kuingia katika damu, na maisha ya mgonjwa huwa hatarini.

Mawe haya huwapata zaidi wanawake, watu wenye uzito mkubwa na watu wenye umri mkubwa. Aidha, watu wenye ugonjwa wa selimundu huyapata wakiwa bado vijana au hata watoto, kwa kuwa chembe zao nyekundu za damu huvunjika haraka na mabaki yake hugeuka kuwa mawe. Kwa sababu hiyo, mzazi mwenye mtoto wa selimundu hapaswi kudhani kuwa kila maumivu ya tumbo ya mtoto wake ni yale ya kawaida ya ugonjwa huo.

Daktari hutambua tatizo kwa kumpapasa mgonjwa chini ya mbavu za kulia na kumwomba avute pumzi. Mgonjwa akikatisha pumzi ghafla kwa maumivu, hiyo ni dalili muhimu. Vipimo vya damu na ultrasaundi hutumika kuthibitisha. Ultrasaundi huonesha mawe, unene wa ukuta wa kifuko na majimaji yaliyokizunguka.

TIBA YA MSINGI NI KUKIONDOA KIFUKO

Ni vema ieleweke tangu mwanzo kuwa tiba kamili ya ugonjwa huu ni upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo pamoja na mawe yake. Upasuaji wa kwanza wa aina hiyo ulifanywa na Carl Langenbuch mjini Berlin mwaka 1882, na tangu miaka ya 1980 umekuwa ukifanyika pia kwa matundu madogo kwa kutumia kamera. Mtu anaweza kuishi vizuri bila kifuko cha nyongo, kwa kuwa ini huendelea kutengeneza nyongo na kuipeleka moja kwa moja katika utumbo.

Mgonjwa anapopokelewa huwekewa dripu, hupewa antibayotiki na dawa za maumivu, na huzuiwa kula kwa muda. Miongozo ya kitabibu inayofahamika kwa jina la Miongozo ya Tokyo, ambayo ilitolewa mwaka 2007 na kuhuishwa mwaka 2013 na 2018, hugawa ugonjwa katika madaraja 3. Daraja la kwanza ni hali nyepesi. Daraja la pili ni hali ya kati, kwa mfano mgonjwa aliyeugua kwa zaidi ya saa 72 au mwenye uvimbe unaopapasika. Daraja la tatu ni hali mbaya, ambapo viungo kama figo, mapafu au moyo vimeanza kushindwa kufanya kazi. Kwa wagonjwa wengi wa daraja la kwanza na la pili ambao miili yao inamudu dawa ya usingizi, upasuaji wa mapema ndio unaopendekezwa.

KWA NINI BAADHI HUONDOLEWA USAHA KWANZA

Chukulia bibi mwenye umri wa miaka 78, mwenye kisukari na moyo dhaifu, aliyefikishwa hospitali siku ya tano ya maumivu akiwa na shinikizo la damu lililoshuka. Kumpa dawa ya usingizi na kumfanyia upasuaji katika hali hiyo kunaweza kuhatarisha maisha yake zaidi ya ugonjwa wenyewe. Kwa upande mwingine, antibayotiki peke yake huenda isitoshe, kwa kuwa dawa haifiki vizuri ndani ya kifuko kilichojaa na kuziba. Kwa mgonjwa wa namna hii, madaktari hufungua njia ya kutoa usaha. Presha ndani ya kifuko hushuka, homa hupungua, na mwili hupata nafasi ya kujijenga.

Zipo njia kuu 3 za kufanya hivyo bila upasuaji, na njia 1 ya upasuaji mdogo.

NJIA YA KWANZA: MPIRA KUPITIA NGOZI

Hii ndiyo njia inayotumika zaidi duniani. Daktari huweka ganzi katika ngozi ya ubavu wa kulia, kisha kwa kuongozwa na ultrasaundi hupitisha sindano hadi ndani ya kifuko, mara nyingi ikipitia kwenye ini. Waya mwembamba hupitishwa ndani ya sindano hiyo, na mpira wenye unene wa milimita 2 hadi 3 hufuata juu ya waya. Ncha ya mpira hujikunja ndani ya kifuko ili usichomoke kwa urahisi. Upande wa nje huunganishwa na mfuko wa plastiki unaokusanya nyongo na usaha.

Faida zake ni kwamba mgonjwa hahitaji kulazwa kwa dawa ya usingizi, kazi huweza kufanyika hata kitandani kwa mgonjwa aliye mahututi, na katika mikono yenye uzoefu hufanikiwa kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10. Aidha, mpira haumzuii daktari kumfanyia mgonjwa upasuaji baadaye.

Hasara zake zinatokana na mpira wenyewe. Huuma, huweza kuziba, kusogea au kuchomoka, na mgonjwa hulazimika kutembea nao kwa wiki kadhaa. Kwa kawaida hauondolewi kabla ya wiki 3 hadi 6, ili njia uliyopita ipone na kujijengea ukuta. Ukichomolewa mapema, nyongo huweza kuvuja tumboni. Pia njia hii haipendelewi kwa mgonjwa mwenye maji mengi tumboni kutokana na ini kuharibika, au ambaye damu yake haigandi vizuri, kwa sababu ya hatari ya kuvuja damu.

Baadhi ya hospitali hufyonza usaha kwa sindano mara moja bila kuacha mpira. Mgonjwa hubaki bila kero ya mfuko, lakini usaha mzito haufyonzeki vizuri na kifuko huweza kujaa tena, hivyo zoezi huhitaji kurudiwa.

NJIA YA PILI: STENTI KUPITIA MRIJA WA NYONGO

Katika njia hii daktari hupitisha kifaa chenye kamera mdomoni, kikapita tumboni hadi mahali ambapo mrija wa nyongo unamwaga katika utumbo mdogo. Kutoka hapo, kwa kuongozwa na picha za eksirei, hupitisha waya hadi ndani ya kifuko na kuacha stenti ya plastiki, yaani mrija mdogo unaoruhusu nyongo kushuka kwenye utumbo.

Kwa kuwa hakuna sindano inayotoboa ini wala ngozi, njia hii huwafaa hasa wagonjwa ambao damu yao haigandi vizuri na wale wenye ini lililoharibika na maji tumboni. Hakuna mfuko unaoning'inia nje ya mwili. Iwapo jiwe limekwama pia katika mrija mkuu, daktari huweza kuliondoa wakati huohuo.

Ugumu wake ni kwamba mrija wa kifuko ni mwembamba, umejipinda, na mara nyingi umezibwa na jiwe lilelile lililoleta ugonjwa. Kwa hiyo njia hii hushindikana mara nyingi zaidi kuliko ile ya kupitia ngozi. Aidha, huweza kusababisha kuvimba kwa kongosho, tatizo ambalo nalo linaweza kuwa kubwa.

NJIA YA TATU: STENTI KUPITIA UKUTA WA TUMBO LA CHAKULA AU UTUMBO

Njia hii ni mpya kuliko mbili zilizotangulia. Kifaa kinachopitishwa mdomoni huwa na kamera pamoja na ultrasaundi katika ncha yake. Daktari hukiona kifuko cha nyongo kupitia ukuta wa tumbo la chakula au wa utumbo mdogo, hutoboa kuta hizo mbili zinazopakana, na kuweka stenti fupi ya chuma yenye midomo mipana pande zote mbili. Midomo hiyo huzibana kuta pamoja, na usaha humwagika ndani ya utumbo badala ya kutoka nje ya mwili.

Kwa kuwa stenti hiyo ni pana, hata usaha mzito na vipande vya mawe huweza kupita. Mgonjwa hana mpira wala mfuko. Kwa mzee ambaye hatarajiwi kufanyiwa upasuaji kabisa, hii huweza kuwa suluhisho la muda mrefu.

Hata hivyo, vifaa vyake ni ghali na huhitaji daktari mwenye mafunzo maalumu. Makosa katika kuiweka stenti huweza kuacha matundu mawili yanayovuja. Tena, kwa kuwa kifuko huwa kimeunganishwa na utumbo, upasuaji wa baadaye huwa mgumu zaidi. Kwa sababu hiyo haichaguliwi kirahisi kwa mtu anayetarajiwa kupona na kurudi kufanyiwa upasuaji.

PALE VIFAA VINAPOKOSEKANA: UPASUAJI MDOGO

Ipo pia njia ya zamani ambayo bado ina nafasi yake. Daktari wa upasuaji hufungua sehemu ndogo ya tumbo, hutoboa kifuko, huondoa usaha na mawe yanayofikika, kisha huacha mpira. John Stough Bobbs alifungua kifuko cha nyongo kwa namna hii mjini Indianapolis, Marekani, mwaka 1867, miaka 15 kabla ya Langenbuch kukiondoa kifuko kizima. Leo njia hii hutumika pale ambapo hakuna mtaalamu wa kuweka mpira kwa ultrasaundi na mgonjwa hawezi kusafirishwa, au pale daktari anapofungua tumbo na kukuta uvimbe uliozidi kiasi cha kutoweza kukiondoa kifuko kwa usalama.

TAFITI ZINAONESHA NINI

Utafiti wa kwanza unaostahili kufahamika ulifanyika katika hospitali 11 nchini Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2018. Wagonjwa wenye hatari kubwa, lakini si wale mahututi kabisa, waligawanywa kwa bahati nasibu: 66 walifanyiwa upasuaji wa matundu madogo na 68 waliwekewa mpira kupitia ngozi. Matatizo makubwa yaliwapata asilimia 12 ya waliopasuliwa, na asilimia 65 ya waliowekewa mpira. Ugonjwa wa nyongo uliwarudia asilimia 5 ya kundi la kwanza na asilimia 53 ya kundi la pili. Vifo havikuwa na tofauti ya kuthibitika kitakwimu. Utafiti ulisitishwa mapema kwa kuwa tofauti ilikuwa dhahiri.

Utafiti wa pili, uliochapishwa mwaka 2020 na kuongozwa kutoka Hong Kong, uliwahusu wagonjwa 80 ambao hawakuweza kupasuliwa kabisa. Ulilinganisha mpira kupitia ngozi na stenti ya chuma inayowekwa kupitia ukuta wa tumbo la chakula au utumbo. Ndani ya mwaka 1, matatizo yaliwapata takribani asilimia 26 ya waliowekewa stenti na asilimia 78 ya waliowekewa mpira. Kuvimba kwa kifuko kuliwarudia asilimia 3 ya kundi la stenti na asilimia 20 ya kundi la mpira.

Kutokana na tafiti hizo, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, mgonjwa anayeweza kupasuliwa, hata akiwa na hatari kiasi, apasuliwe. Mpira usitumike kama njia ya kukwepa upasuaji. Pili, kwa asiyeweza kupasuliwa kabisa, stenti ya chuma ina matokeo bora pale ambapo mtaalamu na vifaa vipo. Tatu, pale visipokuwepo, au mgonjwa akiwa mahututi, mpira kupitia ngozi bado ni njia inayookoa maisha, na Miongozo ya Tokyo ya mwaka 2018 inautambua kuwa njia ya kawaida ya kuanzia.

HUDUMA HUPATIKANAJE

Mgonjwa huanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, ambako hupatiwa huduma ya kwanza na barua ya rufaa. Ultrasaundi, vipimo vya damu na upasuaji wa kufungua tumbo hutafutwa katika ngazi ya hospitali. Huduma za kibingwa, ikiwemo upasuaji wa matundu madogo na kuweka mpira kwa kuongozwa na picha, huhitaji hospitali za rufaa. Nchini Tanzania, mafunzo ya madaktari wa radiolojia tiba, ambao ndio huweka mipira hii, yalianza Muhimbili mwaka 2018 kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani. Kabla ya hapo, wagonjwa wengi waliohitaji huduma hiyo hawakuwa na njia nyingine isipokuwa upasuaji.

Kwa vile safari ya rufaa huchukua muda, mgonjwa anayefika zahanati siku ya kwanza ya maumivu ana nafasi kubwa zaidi ya kupata upasuaji salama kuliko anayefika siku ya tano. Familia inashauriwa kubeba barua ya rufaa, majibu ya vipimo, dawa zote anazotumia mgonjwa na kadi ya bima kama anayo. Ni muhimu kumwambia daktari iwapo mgonjwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, zikiwemo aspirini. Familia isiyomudu gharama ionane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuamua kumrudisha mgonjwa nyumbani.

MGONJWA ANAPORUDI NYUMBANI NA MPIRA

Familia inayomhudumia mgonjwa mwenye mpira inapaswa kuzingatia yafuatayo:

1. Mfuko wa plastiki ukae chini ya usawa wa kiuno wakati wote, na umwagwe kabla haujajaa. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada ya kuugusa.

2. Kiasi cha majimaji na rangi yake viandikwe kila siku katika daftari, ambalo litaletwa kliniki.

3. Mpira usafishwe kwa maji ya chumvi ya hospitali kwa jinsi muuguzi alivyoelekeza tu. Maji ya bomba au ya kisima yasitumike.

4. Kidonda kifunikwe kwa gozi safi na kikavu. Majani, majivu au dawa ya aina yoyote isiyotolewa hospitali isiwekwe.

5. Mpira ukichomoka, usirudishwe ndani. Tundu lifunikwe kwa gozi safi na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

6. Mgonjwa arudi hospitali mara moja akipata homa, maumivu yakiongezeka, majimaji yakikoma ghafla au yakigeuka damu, au macho yakiwa ya njano.

Jambo ambalo familia nyingi hulisahau ni tarehe ya kurudi. Homa ikishuka na maumivu yakiisha, mgonjwa hujiona amepona. Ikumbukwe kuwa mpira hutoa usaha, lakini mawe hubaki. Asiyerudi kupimwa na kupangiwa upasuaji, iwapo afya yake inaruhusu, anabaki na chanzo kilekile cha ugonjwa.

MASWALI YA KUMUULIZA DAKTARI

Kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, mgonjwa au ndugu ana haki ya kuuliza: Je, upasuaji unawezekana sasa, na kama hauwezekani, ni kwa sababu gani? Ni njia gani ya kuondoa usaha inayopatikana hapa, na ipi inayopatikana kwa rufaa? Mpira au stenti itakaa kwa muda gani, na nani ataiondoa? Je, baada ya hapo mgonjwa atapasuliwa, na lini? Gharama ni kiasi gani, na bima inabeba sehemu ipi?

Maswali haya si dalili ya kumtilia shaka daktari. Humsaidia kueleza mpango wake, na huisaidia familia kujiandaa kwa safari, fedha na uangalizi wa nyumbani.

Wakazi wa kata zote wanakumbushwa kuwa maumivu ya upande wa juu kulia wa tumbo yanayodumu kwa zaidi ya saa 6, yenye homa, kutapika au macho ya njano, hayafai kutibiwa kwa dawa za dukani. Mwenye dalili hizo afike katika zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo.